Kugeuziana Migongo Kwenye Tangi la Kahawa

Wiki mbili baada ya nyinyi kuniaga kazini kwa blanketi, chupa ya chai na hotuba iliyokaribia kuwa ndefu kuliko utumishi wangu, Mwenda, meneja wenu mpya, alinipigia simu akaniomba nifike mjini Meru kwenye semina. Nikaenda, kwa sababu chakula cha semina hakikataliwi. Mwezeshaji alikuwa kijana nadhifu mwenye viatu ambavyo havijawahi kukanyaga maganda ya kahawa. Alichora visanduku vitatu ubaoni: kiongozi wa amri, kiongozi wa kushirikisha, kiongozi wa kuwaachia watu. Kisha akataka kila mmoja wetu aseme yumo kisanduku gani. Wote wakajipanga kwenye kile cha katikati, kama watoto waliosikia mwalimu akinong'ona jibu. Zamu yangu ilipofika nikasema sijui. Mwezeshaji akatabasamu kwa huruma, akaandika jina langu pembeni mwa ubao, nje ya visanduku vyote.

Wakati wa chai Mwenda alinifuata. "Mama Kendi, umefanya hii kazi miaka yote hiyo. Kwani hujui staili yako?"

Nikamwambia nitamwandikia. Haya ndiyo maandishi yenyewe, nami nawaandikia nyote mliobaki pale kiwandani. Sitasema nilipandishwa cheo lini wala nililipwa nini; hayo yamo kwenye faili, na faili zina panya wake. Nitawaambia habari za mameneja wawili walionitangulia, mzee mmoja wa matangi, na asubuhi moja ambayo nilinyamaza.

Siku yangu ya kwanza nilifika nimevaa viatu vya kanisani. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na baba alikuwa amemsihi mwanakamati mmoja wa chama cha wakulima wenye kiwanda anitafutie ukarani. Ukarani ulikuwa na mwenyewe. Nikapelekwa kusimamia uchambuzi. Nyinyi mnaujua, ila maandishi husafiri, kwa hiyo nieleze: mkulima hapeleki kahawa moja kwa moja kwenye mizani. Kwanza anamwaga cheri zake, yaani matunda ya mbuni, juu ya gunia lililotandazwa uwanjani, anapiga magoti, anachambua. Nyekundu zilizoiva upande huu, za kijani na zilizougua upande ule. Kazi yangu ilikuwa kupita katikati ya magoti ya watu walionizidi umri nikiwaambia warudie. Kufikia saa nne viatu vya kanisani vilikuwa vyekundu mpaka kwenye kamba, na kina mama wawili walikuwa wameapa kumfikishia mama yangu habari za utovu wangu wa adabu.

Meneja alikuwa Bwana Mutwiri. Kabla ya kahawa alifundisha michezo katika shule ya msingi, na filimbi aliyotoka nayo huko aliivaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Mlio mmoja, mizani ifunguliwe. Miwili, mashine ya kumenya iwashwe. Mitatu, kuna mtu atalia. Jambo alilisema mara moja kwa mdomo, na mara ya pili alilisema kwa filimbi. Mnaweza kucheka, lakini kahawa yetu ya miaka ile ilikuwa safi, na mimi niliyekuwa nikirudi nyumbani sauti imekauka nilijivunia kila gunia lake.

Asubuhi moja ya msimu mkubwa, mama mkwe wake alikuja akapiga magoti kwenye mstari wa tatu. Kwetu, mwanamume hasimami uso kwa uso na mama mkwe wake. Akimwona kwa mbali njiani, mwenye akili hukumbuka ghafla kwamba ana shughuli upande mwingine. Cheri za yule mama zilikuwa na kijani tele, na uwanja mzima ulikuwa umeziona. Watu waliacha kuchambua, wakangoja kuona Mutwiri atafanya nini. Alifika mstari wa pili, akasimama, akainua macho akaanza kutazama paa la jumba la mashine. Akaniita bila kuyashusha.

"Karimi, huyo mama wa laini ya tatu, mwambie arudie."

"Zote?"

"Zote. Na umwambie na heshima."

Nikamwambia kwa heshima. Mama akajifuta mikono kwenye leso yake, akanijibu kwa sauti ya kufika ng'ambo ya mto: "Mwambie huyo anayehesabu mabati, wakati alikuja kuomba msichana wangu hakuchambua hivi!"

Uwanja ukaangua kicheko. Mutwiri aliendelea na mabati yake. Mama akarudia zote, moja moja, polepole kwa makusudi. Tulisikia baadaye kwamba nyumbani kwa meneja uji ulikuwa baridi wiki nzima. Lakini tangu siku hiyo hakuna mkulima aliyenibishia tena, kwa kuwa kila mtu alijua sheria ile haikumwogopa mtu yeyote, hata yule aliyekuwa na haki ya kuogopwa.

Dosari ya filimbi niliiona msimu uliofuata. Mutwiri alikuwa ametangaza kwamba mashine haisimamishwi na mtu yeyote mpaka yeye apulize. Siku moja akaenda mjini kwenye mkutano, akatuacha na cheri nyingi za kumenya. Mara sahani ya mashine ikalegea, ikaanza kuzing'ata punje. Kobia, mwendesha mashine, aliziona zikitoka zimemeguka, akahamisha miraa yake shavu la pili, akaendelea kulisha mashine. Mimi niliziona. Kina mama wa mfereji wa kuoshea waliziona. Mashine ikang'ata nusu ya siku. Mutwiri aliporudi alichota konzi moja, akaitazama, akanyong'onyea.

"Kobia, hukuona?"

"Niliona, bwana."

"Na mbona hukusimamisha?"

"Filimbi haikulia."

Hakumkemea wala hakumfukuza. Alikaa juu ya gunia kwa muda mrefu, ameishika filimbi mkononi, na nilimwonea huruma kwa mara ya kwanza. Kesho yake aliipuliza kama kawaida. Mtu haachi mkongojo wake kwa sababu umemwangusha mara moja.

Ulikuwa mwaka huohuo niliposhuka kwenye matangi. Nilichoka kuchukiwa na marafiki za mama yangu, na huko chini kulikuwa na nafasi, kwa kuwa wanaume hawakupenda yale maji ya mlima saa ya mapambazuko. Mwenye matangi alikuwa Mzee M'Arimi. Hakuwa na kisomo, wala hakuwa na subira. Alikuwa na mkono. Kahawa ikishamenywa hubaki na utelezi, nayo hulazwa tangini mpaka utelezi uachie, ndipo ioshwe. Ukiiosha mapema, utelezi unabaki nayo mpaka kwenye meza za kuanikia. Ukichelewa, inaoza na kupata harufu ya kitunguu, na tangi moja lenye kitunguu linatosha kuharibu jina la kiwanda kizima. Saa ya ukutani haikusaidii, maana siku ya joto huiivisha mapema na siku ya baridi huichelewesha. Unazamisha mkono mpaka kiwiko, unashika konzi, unasugua. Ikiteleza kama sabuni, bado. Ikikwaruza kama changarawe, tayari.

M'Arimi hakutaka mkono uliopakwa kitu. Asubuhi moja nilifika nimejipaka mafuta ya kunukia, akanisikia tangu langoni. "Wewe! Rudi nyumbani ukaoshe hiyo harusi!" Nilirudi, kilomita mbili kwenda, mbili kuja. Kwa miezi mitatu aliuzamisha mkono wangu tangini na kuniuliza swali moja tu, "Inasema nini?" Nikianza kusema, "Mzee, nafikiri..." alinikatiza. "Mimi sijauliza kichwa. Nimeuliza mkono." Siku niliyojibu "Tayari" bila kufikiri, akaingiza mkono wake, akasugua, akaguna. Guno lile nimelitunza kuliko vyeti vyangu vyote.

Mutwiri alipotuacha alikwenda kufanya biashara katika soko la Gakoromone. Aliuza viazi na, Mungu ana mzaha wake, vitunguu. Mahali pake kamati ikamleta Bwana Njeru kutoka Embu, mtu wa sauti ya chini na viti vingi. Siku yake ya kwanza alituketisha wote kwenye ukingo wa meza za kuanikia, akamuuliza kila mtu jina lake na kinachomuuma kazini. Ilichukua asubuhi nzima. Kobia alininong'oneza, "Huyu anatutafutia makosa." Hakuwa akitafuta makosa. Alikuwa akitaka kujua kweli, jambo ambalo lilituchanganya zaidi.

Ilipofika zamu ya Kanana, aliyegeuza kahawa kwenye meza, alisema kwa aibu kwamba jua la mchana linapasua ngozi ya kahawa, na kwamba kwake nyumbani hufunika maharagwe yake kwa kitambaa saa ya jua kali. Njeru akaandika. Kesho yake tukajaribu meza moja, tukaifunika tangu saa tano mpaka saa tisa. Kahawa ya meza ile ilitoka nzima, haina ufa. Mpaka leo mnafunika, na wengi wenu hamjui kwamba ni maharagwe ya Kanana. Alikuwa ameyajua hayo misimu minne, na misimu yote minne hakuna aliyemuuliza. Mutwiri angeyapata wapi, na filimbi haina masikio?

Ila mvua ya mlima haiketi kikaoni. Alasiri moja wingu liliteremka upande wa msitu, jeusi, na meza zote zilikuwa wazi. Njeru akatukusanya.

"Haya jamani, maoni yenu. Tufunike ama tungoje kidogo ikauke vizuri?"

Kobia akainua mkono. "Kwanza, bwana meneja, ningetaka kushukuru kwa hii nafasi..."

Tone la kwanza likanipiga puani. Nilipanda juu ya meza, nikapiga kelele ambayo sikujua ninayo: "Funika! Kila mtu, funika sasa!" Wakatawanyika. Tulimaliza meza ya mwisho mvua ikitumwagikia shingoni, kahawa ikiwa kavu. Njeru alinijia amelowa chapachapa, akanishika mkono kwa furaha ya kweli. "Umefanya poa sana, Mama Kendi. Kesho tukae chini tujadili." Na kweli tulijadili, kwa saa mbili.

Aliporudi kwao Embu kuendesha kiwanda cha huko, kiti kikaja kwangu. Mwanakamati mmoja aliuliza kama mwanamke ataweza kuamka mapema. Aliuliza hivyo saa nne asubuhi, macho yakiwa bado yana tongo. Nilianza kwa kiburi, nakiri. Nilijiambia kwamba kwa Mutwiri nimepata amri, kwa mambo yasiyosubiri, na kwa Njeru nimepata kuuliza, kwa mambo yanayoweza kungoja. Nikaona nimehitimu. Kitu kimoja nilijiongezea mwenyewe. Wote wawili walikuwa na nyuso za kusomeka. Hasira ya Mutwiri na wasiwasi wa Njeru tulivijua kabla hawajafika langoni. Mimi nikaamua uso wa meneja usiseme kitu. Nilijizoeza mbele ya kioo. Kendi, binti yangu, aliniuliza kama nina jino linaloniuma.

Asubuhi bado nilishuka tangini, nikazamisha mkono baada ya M'Arimi, kama zamani. Wakati huo alikuwa amezeeka, lakini hakuna aliyethubutu kulitaja. Nilikuwa nimeona jambo moja nisilitilie maanani. Chai ikiletwa kutoka jikoni, sisi wengine tulishika kikombe cha bati kwa ncha ya sweta, naye alikikumbatia kwa viganja vyote viwili, tuli, moshi ukimpanda usoni. Nilidhani ni ugumu wa wanaume wa zamani. Nikamsifu hata kwa wageni.

Kisha likaja joto katikati ya msimu, siku nne mfululizo. Asubuhi ya siku ya nne M'Arimi alizamisha mkono kwenye tangi la tatu, akautoa. Mimi nikazamisha wangu. Ilikuwa ikikwaruza tayari, changarawe tupu. M'Arimi akanitazama, akanitazama sana, halafu akasema, "Bado. Saa sita."

Mkono wangu ulikuwa umeshanijibu. Lakini huyu ndiye aliyeufundisha ule mkono, na wafanyakazi walikuwa wamesimama pale. Nilikaza uso wangu wa meneja, nikasema, "Sawa, mzee." Tukaosha saa sita. Nikajiambia labda si kitu.

Waonjaji wa Nairobi waliporudisha karatasi yao, neno lilikuwa moja: kitunguu. Kahawa ya tangi lile ilikuwa imeshachanganywa na nyingine, kwa hiyo shehena nzima ilishushwa daraja, jasho la familia nyingi. Habari ilifika vijijini kabla sijaikunja karatasi. Wakulima wakaanza kusema waziwazi kwamba msimu ujao cheri zao zitavuka mto kwenda kiwanda cha pili, na kiwanda kisicho na cheri ni mabati na mifereji tu. Mkutano wa wanachama ukaitishwa. Kamati ilinieleza bila kuzunguka: wanachama wanataka jina la aliyeharibu. Nikilitaja la M'Arimi, mzee aliyejenga jina la kiwanda ataondoka kama mwizi. Nisipolitaja, kiwanda chenyewe huenda kikaondoka.

Sikulala vizuri siku zile. Nilipanda gari mpaka Gakoromone, nikamkuta Mutwiri katikati ya magunia yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akinichagulia viazi. "Mimi ningemfuta asubuhi," akasema, "na jioni niende kwake na sukari kilo mbili." Nikampigia Njeru simu Embu. Naye akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali moja: "Na yeye mwenyewe umemuuliza?"

Sikuwa nimemuuliza. Nilikuwa nimeuliza kila mtu isipokuwa yeye.

Nilimkuta nyumbani kwake akinoa panga kwenye jiwe. Mkewe alinipa kigoda na uji, akatuachia nafasi.

"Mzee, nimekuja kwa sababu ya tangi la tatu."

"Umekuja na kamati?"

"Nimekuja peke yangu."

Akanoa kidogo, akaliweka panga chini. "Vidole vimekufa," akasema. "Tangu mvua ya mwaka jana. Hayo maji baridi miaka hiyo yote, unafikiri hii mkono ni ya chuma? Nikishika kahawa, nikishika mchanga, ni sawa tu."

"Na ulikuwa unajuaje kama imeiva?"

"Pua inanisaidia. Saa pia inanisaidia. Na wewe."

"Mimi?"

"Nilikuwa naangalia uso yako. Ukitoa mkono kwa tangi, kama ni bado, unakunja hapa." Akajigusa katikati ya nyusi. "Kama ni tayari, hapa inafunguka. Tangu ukiwa msichana, haijawahi kunidanganya. Lakini tangu wakupatie hiyo ofisi, uso imekuwa ukuta. Ile asubuhi nilikuangalia sana, Karimi. Sikuona kitu. Nikaenda na saa."

Nililia, uji mkononi. Siwaambii hivyo kwa kujisifu. Nilikuwa nimeuficha uso wangu kwa sababu nilidhani ndiyo heshima ya kiti, kumbe mzee wa watu alikuwa akiuegemea uso huo ili asianguke. Yeye alificha vidole, mimi nikaficha uso, na katikati yetu kahawa ikaoza.

Aliniomba jambo moja. "Usiwaambie habari ya vidole. Wakisema nimezeeka, ni kweli. Lakini wasinihurumie." Nilishika ahadi ile muda wote wa uhai wake. Naiandika leo kwa kuwa mwenyewe, kabla hajatuacha, aliniambia, "Ukistaafu, sema. Watoto wajue."

Siku ya mkutano wanachama walijaa uwanja wa uchambuzi mpaka kwenye lango. Mwenyekiti alianza na maombi, akafuata na salamu, na alipokuwa akikaribia historia ya chama, Mama Nkirote akasimama. Ni mkulima wa miti mingi, mrefu, asiyependa mapambo.

"Hatukuja kusikia kwaya," akasema. "Meneja, nani aliharibu tangi?"

"Mimi."

Minong'ono ikapita. "Na M'Arimi?" akauliza Mama Nkirote.

"M'Arimi alisema bado. Mkono wangu ulisema tayari, na nikanyamaza kwa sababu yeye ni mwalimu wangu. Meneja akijua na anyamaze, ni yeye ameharibu. Msitafute mwingine."

"Na msimu ujao ukinyamaza tena?"

Swali lilikuwa la haki. "Njooni muangalie," nikasema. "Asubuhi yoyote. Lango litakuwa wazi."

"Tutakuja," akasema, na hakusema kwa wema.

Basi, ile desturi yetu ya kugeuziana migongo, ambayo mwezeshaji wa semina aliicheka nilipomsimulia wakati wa chakula, ilianzia hapo. Tulikaa chini, M'Arimi nami, tukaiweka. Tangi hupimwa na watu wawili. Kila mmoja anazamisha mkono, ananusa, anafanya anavyojua. Kisha wanageuziana migongo, mtu wa tatu anahesabu mpaka tatu, na wote wawili wanasema neno moja kwa sauti, kwa pamoja. Hakuna kutazama uso wa mkubwa wala wa mwalimu. Maneno yakitofautiana, haioshwi. Wanarudi kupima tena, kila kona, mpaka waafikiane. M'Arimi alilalamika kwamba ni mchezo wa watoto wa chekechea. Lakini pua yake ilikuwa bado na kazi, naye aliijua kazi hiyo, akakubali.

Siku ya kwanza ya msimu mpya magunia yaliyokuja yalikuwa machache mno, ya jamaa na majirani zetu tu. Yalitosha tangi moja. Cheri za wengine zilikuwa bado kwenye miti, zimeiva, zikingoja wenyewe waamue ni upande gani wa mto. Kulipopambazuka siku iliyofuata nilimkuta Mama Nkirote tangini na wakulima wengine kumi, mikono imefungwa vifuani. Hakuna aliyenisalimu zaidi ya inavyopasa.

M'Arimi alizamisha mkono wake, akainama juu ya tangi, akalizunguka ananusa, taratibu. Mimi nikakunja sweta, nikazamisha wangu, nikasugua. Changarawe. Sikuwa na shaka hata kidogo. Tukageuziana migongo. Kobia akahesabu moja, mbili, tatu.

"Tayari," nikasema.

"Bado," akasema M'Arimi.

Wakulima kumi na mmoja walinitazama, na nilijua wanachongoja. Mimi ndiye niliyesimama mkutanoni nikasema mkono wangu ulikuwa sahihi. Sasa mkono huohuo ulikuwa umesema tena, mbele yao, na aliyeupinga ni mzee niliyejua kwamba hana vidole. Ningeweza kusema neno moja tu na tangi lingefunguliwa. Sitawaficha, nilitamani kulisema.

"Mzee, wapi bado?" nikamuuliza.

"Kona ya kule, ya ukuta wa mto. Baridi inaingia hapo. Bado inanukia tamu."

Nilizunguka tangi mbele ya watu wote, nikapiga magoti kwenye kona ya ukuta wa mto, nikazamisha mkono mpaka begani, na nikasugua. Iliteleza kama sabuni. Nilikuwa nimepima upande wa jua peke yake.

"Mzee yuko sawa," nikasema, kwa sauti ya kufika nyuma. "Mimi nimekosea. Tunangoja."

M'Arimi hakucheka, hata hakuniangalia. Aliomba chai yake. Mama Nkirote alishuka kwenye ukingo, akasukuma mkono wa sweta yake juu, akazamisha mkono mahali palepale nilipotoa wangu, akasugua kwa muda. "Bado," akasema, kana kwamba anajisemea. Akajikung'uta maji, akamgeukia jirani yake.

"Meneja ameambiwa bado mbele ya watu na akangoja," akasema. "Twende tukachume."

Waliondoka wote kumi na mmoja kwa njia ya mashambani, wakitembea upesi. Kufikia saa tisa alasiri magunia yao yalikuwa uwanjani, na nyuma yao kulikuwa na mengine, yakifuatana mpaka barabarani.